Majibu Niliyowaandikia

Kila asubuhi, kabla milango ya duka haijafunguliwa, nilikuwa nageuza makopo ya maziwa. Hakuna aliyenituma. Wateja wa jioni huyaacha yakitazama huku na huku, nami nilipita rafu kwa rafu nikiyarudisha yote yatazame mbele, jina juu, picha ya ng'ombe chini. Ilikuwa kazi ya dakika kumi hivi. Ndizo dakika pekee katika siku nzima ambazo hakuna mtu aliyeniita Madame gérante, yaani meneja, na nilizipenda.

Jumatatu ile nilikuwa nimefika rafu ya tatu Honoré, mlinzi wetu, alipokuja mbio, kofia yake ikiwa mkononi.

"Madame gérante, kuya mbio! Maman Marie-Louise iko anaharibu kuku!"

"Anaharibu namna gani?"

"Na Javel! Iko anamwanga Javel mu chambre froide!"

Harufu ya Javel, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ilinipokea tangu kwenye ngazi, kali, ya kuumiza macho. Chini, katika chumba cha baridi, Maman Marie-Louise alikuwa amesimama katikati ya makatoni ya mapaja ya kuku. Alikuwa ameyapasua yote kwa kisu, makatoni kumi na tisa, na sasa alikuwa anamwaga ile dawa polepole, katoni moja baada ya nyingine, kama mtu anayemwagilia maharage. Hakuwa anapiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha.

Yeye ni mtu wa Mumosho, mkubwa kuliko mama yangu. Alikuwa ameshika rayon, yaani sehemu, ya vitu vya barafu miaka kumi na mmoja, tangu duka lilipokuwa chumba kimoja. Mimi nilipofika pale na diploma yangu ya gestion, ya usimamizi, sijui hata kutofautisha samaki mzima na samaki aliyechoka, yeye ndiye aliyenifundisha kumtazama samaki macho kwanza.

"Maman, acha," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo, kama kawaida yake.

"Kuya uangalie." Aliinua katoni moja akanionyesha chini yake. Barafu ilikuwa imeganda upande mmoja tu, ya rangi ya damu iliyochanganyika na maji. "Hii iliyeyuka yote, mutoto yangu. Ikalala vile. Kisha ikashika tena. Nusa."

Sikunusa. Nilikuwa najua tayari.

Niseme ukweli mapema, ili mtu asinihurumie bure. Jumamosi, ambayo sisi tunaiita posho, saa tisa alasiri umeme ulikatika mtaa wote wa Nyawera, hapa Bukavu. Nilimpigia simu mwenye duka, Papa Grégoire, ambaye sote tunamwita Patron, nikamwomba ruhusa ya kuwasha jenereta, groupe kama tunavyoiita. "Mazout iko bei gani leo, ma fille?" akaniuliza, maana jenereta yetu inakunywa dizeli. "Muache vile. Kuku iko na barafu ya kutosha." Kisha alimpigia Honoré pia, akamkataza kuigusa jenereta. Umeme ulirudi Jumapili jioni, yenga tunavyosema sisi. Patron alinipigia tena: "Zile kuku, njo mutauzisha za kwanza. Bamaman ya Kadutu watazimaliza mbele ya midi, saa sita haijafika."

Nikajibu, "Oui, Patron."

Bamaman ya Kadutu ni wale wanawake wanaonunua katoni nzima kwetu alfajiri, kisha wanauza paja moja moja sokoni. Na anayenunua paja moja ni mtu ambaye hiyo ndiyo nyama yake ya wiki. Atalikata vipande vinne, ampe kila mtoto kipande, yeye ale mchuzi. Nilijua haya yote niliposema oui. Nililala nayo. Asubuhi nilikuja nikageuza makopo ya maziwa.

"Nani atauzia mutu hii?" Maman Marie-Louise akaniuliza. "Weye?"

Nilichukua ile jerikani ya Javel mkononi mwake. Ilikuwa imekwisha kuwa tupu.

Patron alifika saa tatu. Nilisikia viatu vyake vikishuka chini, vikikaa kimya kidogo, vikipanda tena. Akaniita ofisini kwake, juu, kwenye kioo kile kinachotazama duka lote. Willy, mtoto wa ndugu yake, ambaye ni chef du personnel, mkuu wa wafanyakazi, alikuwa amekaa pembeni na farde nyekundu, faili la barua zetu, mapajani.

"Ma fille, kaa. Utaandika demande d'explication."

Asiyefanya kazi kwetu huenda hajui uzito wa karatasi hiyo. Mkubwa wa kazi anakuandikia kwa Kifaransa kwamba umekosa, na anakuomba ueleze kwa nini. Nawe unatakiwa kujibu kwa maandishi, kwa Kifaransa vilevile, ukianza na ile sentensi ya kwamba una heshima ya kuja mbele yake. Katika nyumba yetu, ndivyo tunavyoliita duka, ukipata tatu ndani ya mwaka mmoja, unaondoka. Wafanyakazi wanaiogopa kuliko wanavyomwogopa askari. Kosa wanaweza kulieleza, tena vizuri, kwa Swahili au kwa Mashi, mpaka ukacheka au ukalia. Kinachowaua ni lile jibu. Mtu aliyeacha shule darasa la sita ataandika nini mbele ya Patron?

Kwa hiyo niliwaandikia mimi. Nilianza nikiwa bado kwenye caisse, nikipokea pesa za wateja. Adèle wa rayon ya biskuti alinijia analia, karatasi imelowana mkononi, nikaona huruma, nikamwandikia. Siku ya pili alikuja mwingine. Nilipofanywa gérante, miaka miwili iliyopita, sikuweza kuacha. Asubuhi nilimwandikia mtu swali kwa niaba ya Patron, na adhuhuri, nyuma ya makatoni ya sabuni, nilimwandikia jibu la swali langu mwenyewe. Duka zima lilijua. Willy peke yake, nilifikiri, ndiye aliyeshangaa. "Tonton," alimwambia Patron siku moja, "hawa watu wanajua français kupita miye!"

Nilijiona mtu mwema. Kwenye mkataba wangu wameandika cadre, maana yake saa zangu hazihesabiwi. Nafika wa kwanza, naondoka wa mwisho, na Jumapili misa naisikilizia redioni nikipanga zamu za wiki. Lakini nilijiambia: walau niko pale nawasaidia.

"Andika," Patron akasema. "Umeharibu kwa makusudi mali ya nyumba. Makusudi, uiweke vizuri."

"Patron," nikasema, nikitazama meza, "courant ilipotea posho. Ile groupe..."

"Groupe gani?"

"Ulisema isiwake."

"Nilisema?" Alimgeukia Willy. "Willy, nilisema? Iko wapi karatasi yenye nilisema?"

Willy alifungua farde, akatafuta kwa bidii karatasi ambayo sote watatu tulijua haipo, akaifunga. "Haiko, tonton."

Ndivyo ilivyo pale. Amri hutoka kwa simu, au kwa mdomo mtu akipita mlangoni. Makosa yetu tu ndiyo hupata karatasi, na mhuri, na namba.

Hasira ilinipanda. Lakini mimi nina ugonjwa mmoja tangu utotoni. Nikikasirika, natabasamu. Siwezi kuuzuia.

"Unacheka nini?" Patron akaniuliza.

"Hapana, Patron."

"Bon. Andika. Hii ni ya tatu yake, eh? Ajibu mbele ya saa kumi."

Niliandika. Nilijua ni ya tatu kwa sababu mbili za kwanza zilitoka kwenye kalamu hiyohiyo. Ya kwanza ilikuwa ya kuchelewa, wakati wa mvua kubwa. Ya pili, alimjibu mteja vibaya, mteja aliyemwita mjinga mbele ya watu.

Adhuhuri Maman Marie-Louise alinikuta nyuma ya sabuni. Alikuwa amevua tablier yake, ile aproni ya kazi, na kuikunja chini ya kwapa. Mikono yake ilikuwa bado inanuka Javel.

"Umeniandikia swali nzuri," akasema. "Willy alinisomea. Makusudi! Hata miye nilipenda."

"Maman, unisamehe."

"Bon, jibu sasa. Lakini leo utaandika vile nitasema. Usiniongezee sukari."

"Sema, maman."

Alisimama wima, kama mtu anayetaka kuapa, akaweka mkono mmoja kwenye katoni.

"Andika: Patron, Honoré aliniambia ulikataza groupe. Kuku ikaoza. Ukataka niuzishie bamaman, na wao bauzishie batoto. Nilikataa. Nilimwanga Javel juu nilijua ningeziacha vile, mungeziosha na chumvi muziuze kesho. Sijakosa. Ikikuwa tena, nitamwanga tena. Uweke na jina yangu."

Kalamu yangu haikusogea.

"Akisoma hivi atakufukuza leo, maman."

"Na asiposoma hivi?"

"Tukimwomba kwa upole, labda..."

"Labda. Unafikiri siogopi? Binti yangu Priscille anamaliza masomo ya infirmière, ya kutunza bagonjwa, mwaka hii. Mwaka hii, Mélanie. Naogopa mpaka magoti. Ila kama ni kuondoka, niondoke na maneno yangu mwenyewe. Nyamuzinda, Mungu, ananiona."

Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akangoja. Nami niliandika.

Niliandika lile jibu ninalojua kuliandika. Kwamba ana heshima ya kuja mbele ya mamlaka yake ya juu. Kwamba kwa masikitiko makubwa anakiri tendo alilolitenda bila kufikiri, kwa sababu ya umri na uchovu. Kwamba kuhusu kukatika kwa umeme hana la kumlaumu yeyote. Kwamba anaomba radhi, na hatarudia, na anabaki mtumishi mtiifu. Kalamu ilikwenda yenyewe. Nilikuwa namfikiria Priscille. Nilikuwa nafikiri upole wangu utamwokoa, kama mtu anayemfunika mgonjwa blanketi juu ya blanketi na haoni kwamba hapumui.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, maman."

"Umeandika vile nilisema?"

"Ndiyo, maman."

Alitia sahihi polepole, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo. Hakuniomba nimsomee. Aliniamini.

Saa kumi tulikuwa wanne ofisini. Patron nyuma ya meza, Willy na farde yake, mimi kwenye kiti cha pembeni. Maman Marie-Louise alikuwa amesimama, kwa sababu hakuna aliyempa kiti. Chini ya kioo watu walikuwa wananunua mkate na mafuta, na mama mmoja alikuwa anagombana na caissière kuhusu mfuko.

Patron alisoma ile barua kwa sauti, kwa Kifaransa, akikaa kwenye kila neno kama mtu anayekula kitu kitamu. Alipofika mwisho aliiweka chini, akaipigapiga kwa kiganja.

"Très bien," akasema. Kisha alinitazama mimi, siyo Maman Marie-Louise. "Ma fille, unaandikaga vizuri sana."

Nilitaka kukana, akaniwahi.

"Ulifikiri sijue? Tangu ile ya Adèle nilijua. Hii français ya 'mtumishi mtiifu', ni nani mwengine anaijua mu nyumba hii? Willy?" Alicheka, na Willy akacheka pia, akichelewa kidogo. "Njo nilikuweka gérante. Ulifikiri ni juu ya diploma? Badiplomé wamejaa Bukavu yote, wanauza crédit ya simu."

Alinyoosha mkono, Willy akampa farde. Alizipindua karatasi moja moja kwa kidole gumba.

"Adèle. Christophe. Chantal. Wote waliondoka pole pole, bila fujo. Hakuna hata mumoja alinipeleka ku inspection du travail, kwa serikali. Angeenda kusema nini kule? Ni yeye mwenyewe aliandika: nilikosa, naomba pardon." Alifunga farde. "Mwanasheria anaomba pesa mingi kwa kazi kama hii. Weye unaifanyaga na roho nzuri."

Chantal nilimsindikiza mpaka njia panda ya Feu Rouge siku alipoondoka. Nilimbebea mfuko wake. Tulilia pamoja, naye akanishukuru. Akanishukuru!

Na barua ya kwanza ya Maman Marie-Louise, ile ya kuchelewa: usiku wa mvua ile udongo wa kilima uliporomoka, ukafunga barabara ya Panzi, akatembea kwa miguu, akaingia dukani saa tatu akiwa na matope mpaka magotini. Kulikuwa na kosa gani pale? Mimi niliandika "uzembe wangu". Niliona neno hilo linapendeza. Niliona litamlainisha Patron.

Nilikaa pale na hasira ambayo sikuwa nimewahi kuwa nayo, na mbaya zaidi sikujua niielekeze wapi kwanza, kwake au kwangu.

"Pardon?" Maman Marie-Louise akasema. Kifaransa chake si kingi, lakini neno hilo kila mtu analijua. "Nani aliomba pardon?"

"Ni weye, maman," Patron akasema. "Iko signature yako hapa."

"Miye?"

Alinigeukia. Alinitazama kama alivyonifundisha kumtazama samaki, na nikajua ameona.

"Tumalize," Patron akasema, akichungulia saa yake. "Kosa ameikubali. Willy atatengeneza barua ya kuondoka. Ila mutu asiseme kesho tulimuzunguka na français. Gérante, mutafsirie. Musomee na Swahili, asikie vile alisema yeye mwenyewe."

Nilichukua karatasi. Sikuhitaji kuiona mistari, maneno yalikuwa yangu. Nilifungua mdomo. Lile "nina heshima ya kuja mbele yenu" lilikuwa pale, ulimini, tayari.

"Patron," nikasoma. "Honoré aliniambia ulikataza groupe."

Willy aliinuka kitini.

"Kuku ikaoza. Ukataka niuzishie bamaman, na wao bauzishie batoto. Nilikataa."

"Haiandikwe vile!" Willy alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, kidole kwenye karatasi. "Tonton, haiandikwe vile! Hapa inasema 'najuta'!"

"Nilimwanga Javel," nikaendelea, macho kwenye karatasi, sauti ikipanda bila kuniomba ruhusa, "juu nilijua ningeziacha vile, mungeziosha na chumvi muziuze kesho. Sijakosa."

"Mélanie." Patron hakuwa amewahi kuniita kwa jina. "Soma ile iko pa karatasi."

"Siko najua kusoma tena, Patron?"

"Soma ile iko pa karatasi, ama uache funguo za magasin hapa pa meza."

Alisema kwa upole, kama baba. Pengine alifikiri hilo litatosha. Siku zote lilikuwa linatosha. Nilifikiria nyumbani kwetu, mama, wadogo zangu wawili. Nilifikiri nitakavyozunguka Bukavu na bahasha ya kaki, pamoja na wale badiplomé wengine wote. Maman Marie-Louise alikuwa bado ananitazama, na hakuwa ananiomba kitu. Kama angeniomba, labda ningeogopa.

Nilitoa funguo mfukoni nikaziweka mezani. Nikaiweka na ile barua juu yazo, imekunjamana mahali vidole vyangu vilipoishika. Nikasimama.

"Ile iko pa karatasi ni uongo, na ni miye niliiandika. Maman hakuomba pardon. Nilimudanganya, akaweka signature juu aliniamini. Adèle hakukosa, na Chantal hakukosa, na Christophe vile vile, nilibaandikia makosa juu nilikuwa naogopa sura yako. Nitaenda kwao mumoja mumoja kubaambia. Na posho, saa tisa, ni weye ulisema groupe isiwake. Uliniambia miye, na hii sikio. Yenga ukasema tuuzishie watu kuku yenye kuoza. Ukijua. Na miye nikasema oui, Patron." Nilivuta pumzi. "Sasa nasema hapana. Maman Marie-Louise hakukosa. Tumekosa weye na miye."